Mashine ya boti imechoka au imeharibika: uiuze ilivyo, uitengeneze, uichinje au uibadilishe?

Pita diko lolote kati ya Lamu na Mtwara, au mwalo wowote wa Ziwa Victoria, hukosi kuona mashine imeegemezwa ukutani, imefunikwa turubai, kofia imepauka kwa jua. Nyingi hazijafa. Zimekwama kwa sababu mwenyewe hajaamua aiuze hivyo hivyo, aipeleke kwa fundi kwanza, aifungue auze kipande kimoja kimoja, au aende nayo dukani aongeze pesa achukue nyingine. Anapowaza, chumvi haimsubiri. Boliti zinashika, ringi zinagandana na silinda, bei inashuka.

Ulinganisho huu unahusu zaidi mashine za mipigo miwili (two-stroke, zinazochanganyiwa oili kwenye petroli), ambazo ndizo nyingi kwetu, hasa Yamaha Enduro za farasi 15 na 40. Mwenye mashine ya mipigo minne nimemtengea sehemu yake huko chini, maana hesabu yake ni nyingine.

Kabla ya yote, jua kilichoharibika

Neno "mbovu" halimwambii mnunuzi kitu, na wewe linakugharimu. Asiyejua ugonjwa wa mashine yake hupewa bei ya mashine iliyoharibika kila mahali. Vipimo vitatu vinatosha kuanzia.

Cha kwanza ni kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Toa plagi zote, gusisha nyaya za plagi kwenye chuma cha injini ili usiunguze CDI (kifaa cha umeme kinachopeleka moto kwenye plagi), zungusha kishiko cha mafuta mpaka mwisho, funga geji kwenye tundu la plagi, kisha vuta kamba mpaka mshale usimame. Rudia kwa silinda ya pili. Namba yenyewe hutofautiana kwa aina ya mashine na hata kwa geji. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, upande mmoja umelika, ringi zimevunjika au gasketi imeungua.

Cha pili ni oili ya gia iliyo kwenye mguu, yaani sehemu ya chini yenye gia na propela. Legeza skrubu ya chini, kinga oili kidogo kwenye kopo safi. Ikitoka na weupe wa maziwa, maji yameingia kupitia sili. Sili ni kifaa kidogo na bei yake ni ndogo. Ukiona vumbi la chuma linalometameta, meno ya gia au beringi zimeanza kulika, na hapo thamani ya mguu mzima imebadilika.

Cha tatu ni historia, na hiki hakina geji. Je, mashine iliwahi kuzama? Ilizama ikiwa imezimwa au ikiwa inazunguka? Iliyozama imezimwa, ikatolewa siku hiyo hiyo, ikaoshwa kwa maji baridi, ikatolewa plagi na kumwagwa maji, ikatiwa oili na kuwashwa, mara nyingi hupona. Iliyozama ikizunguka huenda imekunja konrodi, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Usiilazimishe kwa kamba. Iliyokaa na chumvi wiki nzima nchi kavu, beringi za krenki zimeshaota kutu. Na ikiwa yako imezama leo, fundi yuko mbali, iweke yote ndani ya pipa la maji baridi mpaka afike. Kutu hutaka hewa, na masaa machache ya hewa baada ya chumvi yanaharibu kuliko siku nzima ndani ya pipa.

Tahadhari moja: usiwashe mashine ikiwa kavu ili kumwonyesha mtu kwamba inawaka. Impela ya pampu ya maji ni ya mpira, na hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Bila maji huungua upesi, na hapo umeongeza ubovu mbele ya mnunuzi. Tumia pipa, maji yafunike matundu ya kuvutia maji yaliyo kwenye mguu.

Vigezo vya kupimia

Njia zote nne nimezipima kwa mambo matano: pesa unayotanguliza, muda, kinachobaki mkononi, lawama baada ya kuuza, na mtu anayefaa kuifuata. Lawama watu huipa nafasi ndogo, nami naipa kubwa. Anayenunua mashine hii atavuka nayo mkondo wa Nungwi, au atatoka nayo usiku kwenda visiwa vya Ukerewe na abiria ndani. Ikizima katikati kwa tatizo ulilolijua ukanyamaza, huwezi kulisahihisha kwa kurudisha pesa.

Kuna sharti moja lisilo na njia mbadala, nalo ni karatasi. Ziwa Victoria kwa miaka mingi wavuvi wamevamiwa majini na kunyang'anywa mashine, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili atauliza ilikotoka kabla ya kuuliza bei. Soma namba ya mashine kwenye kibati au kibandiko kilicho kwenye bano la kufungia botini, uilinganishe na risiti. Kama risiti imepotea, chukua taarifa ya upotevu polisi. Kenya utapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), Tanzania taarifa ya upotevu huombwa hata mtandaoni. Kisha andika hati ya mauziano yenye aina ya mashine, namba, urefu wa mguu, hali yake na ubovu unaojulikana, mbele ya mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa mtaa, sheha kwa Zanzibar, au viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) wa kwenu. Mashine ya kikundi, ya mkopo au ya ruzuku usiiuze wala kuifungua bila ridhaa ya maandishi ya wenzako na aliyekopesha.

Njia ya kwanza: kuiuza ilivyo

*Unachotanguliza.* Karibu hakuna. Ioshe kwa maji baridi, futa mafuta, piga picha za pande zote na moja ya karibu ya kila jeraha. Usipake rangi. Rangi mpya juu ya mashine kuukuu humfanya mnunuzi aulize imefichwa nini, na ana haki ya kuuliza.

*Muda.* Hutegemea msimu kuliko watu wanavyodhani. Pwani, kusi likivuma kwa nguvu boti ndogo nyingi hukaa, na mashine mbovu haina mteja. Kusi likianza kulegea, watu wakijiandaa kwa kaskazi, mafundi na wavuvi hutafuta mashine za kufufua. Kwenye dagaa, tazama mwezi: uvuvi ni wa giza, pesa huingia giza likiisha, na mbalamwezi ikiwa kubwa boti zimepumzika na watu wana nafasi ya kuja kuangalia. Ziwa Tanganyika mwaka 2024 lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti; katika miezi kama hiyo mvuvi wa Kigoma hatoi pesa kwa mashine ambayo hataitumia mpaka ziwa lifunguliwe.

*Kinachobaki mkononi.* Pungufu kuliko mashine nzima kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mnunuzi hukata gharama ya matengenezo, kisha hukata tena kwa hofu ya asichokijua. Gharama ya matengenezo huwezi kumwondolea. Hofu unaweza. Picha ya geji ikiwa kwenye silinda, kopo la oili ya gia, maelezo ya wazi kwamba "silinda ya juu haina kompresheni, mguu ni mzima, CDI inatoa moto", hivyo ndivyo vinavyorudisha sehemu ya bei.

*Lawama.* Ndogo kabisa ukisema yote, tena kwa maandishi. Kubwa ukisema "inahitaji sevisi tu" ilhali imenoki, yaani pistoni na silinda zimekwaruzana au kukwama.

*Inamfaa* mwenye haraka ya pesa, asiye na fundi anayemwamini, au ambaye mashine yake ina ugonjwa mmoja mkubwa lakini viungo vingine ni vizima. Mafundi ndio wanunuzi wazuri hapa. Wao hawalipii kazi ya mikono, hivyo wanaweza kutoa bei ambayo mvuvi wa kawaida hawezi.

Njia ya pili: kuitengeneza kwanza

*Unachotanguliza.* Vipuri, ufundi, na mara nyingi kitu cha tatu ambacho hakikuwa kwenye makadirio. Fundi akishafungua bloku huona mengine. Kwa hiyo mtake afungue, akague na kuandika orodha kamili kabla hujanunua hata gasketi moja. Mlipe kwa ukaguzi huo peke yake.

Swali kubwa kwa mashine iliyonoki ni silinda imeshachongwa mara ngapi. Pistoni za Yamaha nyingi zina saizi za kuongeza, 25 na 50, yaani milimita 0.25 na 0.50 juu ya kipimo cha kiwandani. Ikiwa bloku bado iko kipimo cha awali, kuchonga na kuweka pistoni mpya kuna maana. Ikiwa imeshafika 50 na imekwaruzika tena, kinachofuata ni kutia slivu (ganda la ndani la silinda) mpya au kutafuta bloku nyingine, na mara nyingi faida yote inaishia hapo. Uliza pia kilichoifanya inoke. Mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli, kwa hiyo oili ikiwa pungufu hunoki. Kama ilinoki kwa sababu impela ilikufa au njia za maji zimeziba chumvi, pistoni mpya bila kusafisha njia hizo zitakufa vile vile mikononi mwa mwingine.

*Muda.* Kama vipuri vipo karibu, wiki moja au mbili. Vikiagizwa kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Dubai, ongeza subira. Mialoni mafundi hubanwa zaidi boti zikiwa nchi kavu wakati wa mbalamwezi. Peleka yako mapema giza likianza.

*Kinachobaki mkononi.* Fanya hesabu hii kwa bei za kwenu. Tuseme, kwa mfano tu, ilivyo unapewa 1,200,000, ikiwa nzima itauzwa 2,000,000, na matengenezo ni 600,000. Faida ni 200,000, lakini ili kuipata umefungia 600,000 kwa mwezi na kubeba hatari ya kile kitu cha tatu. Kama ugonjwa ungekuwa kabureta chafu, sili, impela au koili, matengenezo yangekuwa 150,000 na hesabu ingegeuka kabisa. Ndiyo maana nasema ubovu mdogo utengeneze bila kusita, na ubovu wa ndani ya bloku ufikirie mara mbili. Jihadhari na vipuri feki. Ringi na beringi za bei ya kutupa hurudisha mashine kwa fundi kabla hati ya mauziano haijakauka.

*Lawama.* Hapa ndipo ilipo kubwa kuliko njia zote, kwa sababu unauza kitu unachokiita kizima. Jaribu majini, si kwenye pipa tu: nusu saa au zaidi, mwendo wa taratibu na mwendo wa mwisho, ukitazama kama maji ya kupoza yanatoka bila kukatika. Nenda na mnunuzi, wote mvae jaketi okozi, arubuni ikiwa imeshatolewa. Mwonyeshe pistoni ya zamani na risiti za mpya. Kama mnakubaliana muda wa dhamana, uandikwe, pamoja na kwamba kuchanganya oili pungufu ni juu ya mtumiaji.

*Inamfaa* mwenye akiba, fundi wa kuaminika, mashine yenye vipuri vinavyopatikana, na muda wa kusubiri msimu mzuri.

Njia ya tatu: kuichinja

*Unachotanguliza.* Vifaa, mafuta ya kulegeza kutu, na jasho. Mashine ya maji chumvi haifunguki kwa nguvu. Boliti ya chuma iliyokaa ndani ya alumini miaka kumi ikilazimishwa hukatika, na kifuniko kilichopasuka hakina mnunuzi. Pasha moto kidogo, weka mafuta, subiri hadi kesho, jaribu tena. Mwaga kwanza petroli na oili yote kwenye chombo, si ufukweni.

*Muda.* Mrefu kuliko zote. Vipande vizuri huondoka upesi, vilivyobaki huzeekea ghalani.

*Kinachobaki mkononi.* Kwa mashine ambayo bloku imepasuka lakini mengine ni mazima, jumla ya vipande inaweza kuipita bei ya mashine nzima mbovu. Mguu kamili wenye gia nzuri ndio wa kwanza kuulizwa, kwa sababu ndio unaogonga miamba na vigogo. Hufuatia CDI na koili, kabureta, bano, kofia isiyopasuka, propela, tangi na mpira wake. Yamaha za farasi 9.9 na 15 za mfululizo mmoja hushirikiana vipuri vingi, kwa hiyo soko la mashine moja ni la wenye mashine mbili. Andika kila mara urefu wa mguu: mfupi ni wa boti yenye kisogo (ubao wa nyuma unaofungiwa mashine) cha takriban inchi 15, mrefu inchi 20. Mnunuzi akipata usiomfaa ataurudisha. Kinyume chake, mashine ya aina adimu isiyo na wenzake kwenye maji yenu usiichinje. Utabaki na chuma.

*Lawama.* Kwa kila kipande ni ndogo, ila kuna moja nzito inayosahaulika. Bano lenye namba ya mashine likiuzwa kwa mtu usiyemjua linaweza kufungwa kwenye mashine ya wizi ikapata utambulisho wa yako. Liuze kwa mtu mwenye mashine ya aina hiyo hiyo, andika jina lake na namba, au ulibaki nalo.

*Inamfaa* fundi, au mtu mwenye eneo la kuhifadhi, asiye na haraka, anayeishi karibu na wavuvi wengi wenye mashine za aina moja. Mwajiriwa wa mjini mwenye boti ya matembezi hatapata nafasi ya kupokea simu za watu wanaotafuta skrubu.

Njia ya nne: kuibadilisha au kumwachia muuzaji

*Unachotanguliza.* Nyongeza ya kupata mashine nyingine, ikiwa unabadilisha. Ukimwachia muuzaji akuuzie, hutoi kitu mwanzoni ila asilimia yake hukatwa mwishoni. Ikubalini kabla haijashushwa kwenye gari.

*Muda.* Kubadilisha kunaweza kuisha siku moja, na kwa mvuvi ambaye kila usiku bila mashine ni usiku bila chakula nyumbani, hilo lina thamani isiyoonekana kwenye bei. Kumwachia muuzaji kunaweza kuchukua miezi.

*Kinachobaki mkononi.* Bei ya mashine yako kuukuu hapa huwa ya chini, na muuzaji mjanja huipandisha usoni pako huku akipandisha pia ile anayokuuzia. Uliza kwanza bei ya mashine unayoitaka kana kwamba unanunua kwa taslimu. Ukishaipata, ndipo utaje ya kubadilisha. Na ile unayopewa ipime kwa vipimo vile vile vitatu vya juu.

*Lawama.* Nyepesi. Muuzaji ni mjuzi, amekagua mwenyewe. Dai risiti inayotaja namba ya mashine uliyoitoa na uliyoipokea.

*Inamfaa* anayeishi kwa boti na hawezi kukaa bila mashine, na anayeogopa kukutana na wanunuzi wageni.

Kuhusu mipigo minne

Ulaya na Marekani sheria za moshi zimeziondoa sokoni mashine mpya za mipigo miwili zenye kabureta, kwa hiyo mitumba inayokuja siku hizi mingi ni ya mipigo minne. Hula mafuta kidogo na ni tulivu, lakini ya sindano za umeme (zinazonyunyiza petroli badala ya kabureta) hudai fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu, na vipuri vyake si vya kila duka. Ikiharibika umeme, kuiuza ilivyo kwa fundi wa mjini au kumwachia muuzaji wa chapa hiyo mara nyingi hushinda kuihangaikia mwaloni. Ukiisafirisha, ilaze upande ulioelekezwa kwenye kitabu chake. Ukiukosea, oili huingia kwenye silinda.

Ulipo sasa, njia ipi?

Mashine inawaka lakini inakohoa, haina nguvu, au haitoi maji vizuri: itengeneze. Ugonjwa ni wa bei ndogo, na bila hivyo utauza mashine nzima kwa bei ya mbovu.

Imenoki, bloku haijawahi kuchongwa, una akiba na fundi: tengeneza, ukilenga kuiuza kaskazi likikaribia. Imenoki na ada ya shule inadaiwa wiki ijayo: iuze ilivyo kwa fundi, na picha za geji mkononi.

Bloku imepasuka, mguu na umeme ni vizima, ni Yamaha 15 au 40 kwenye eneo lililojaa hizo: ichinje, ukianza na mguu. Huna nafasi ya kuhifadhi: muuzie fundi mmoja vyote kwa pamoja.

Ilizama ikakaa na chumvi, hakuna kinachozunguka, hata mguu umeliwa: chuma chakavu. Alumini hununuliwa kwa kilo, na mashine ya farasi 40 ina takriban kilo 70 kwa jumla, si zote alumini. Tenganisha shaba ya koili na chuma kabla ya kupima. Kenya, Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Mwombe aionyeshe, na uharibu kibati cha namba mbele ya shahidi.

Mashine ni ya marehemu, warithi ni wengi: msiiuze wala kuifungua mpaka mkubaliane kwa maandishi nani anauza na pesa zinakwenda wapi. Wakati mnasubiri ioshwe kwa maji baridi, itiwe oili kwenye matundu ya plagi na kuzungushwa kwa mkono kila baada ya wiki chache, isimame kivulini ikiwa wima.

Na kwa yeyote anayelipwa kwa simu: usiachie mashine kwa kuonyeshwa ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, kisha msaidie mnunuzi kuibeba.